Mchoro Wako Ni Saa Ngapi? Mwongozo wa Kuchora na Kutia Kivuli kwa Simu, Ukiwa Langoni

Jahazi la kwanza nililochora kwenye simu lilikuwa na kila kitu: mlingoti, foromali, tanga, hata kamba. Nikalitia kivuli kwa brashi laini nyeusi pande zote, nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani. Akaitazama skrini kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, jahazi hili liliungua lini?"

Nililijua jahazi, sikukijua kivuli. Na ndivyo walivyo wengi wanaoanza: mkono si mbaya, ila jicho halijafundishwa. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye simu ya kawaida, usiye na mwalimu wala darasa, unayeishi Langoni, mjini Lamu, au mahali popote penye jua na kuta. Kipimo chake ni kimoja. Mtu akiutazama mchoro wako aweze kusema jua lilikuwa wapi na saa ilikuwa ngapi. Asipoweza, hicho si kivuli, ni masizi.

Kwa nini kivuli kabla ya rangi

Rangi humwambia mtazamaji kitu kimetengenezwa kwa nini. Umbo lake husimuliwa na mwanga na giza. Chungu chekundu na chungu cha kijivu vyote ni vyungu, mradi upande mmoja umepata mwanga na wa pili umenyimwa. Ndiyo maana utaanza na kijivu peke yake kwa wiki mbili nzima. Najua rangi zinakuita. Zingoje.

Si kila sanaa inahitaji kivuli. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuuza picha zake Dar es Salaam mwaka 1968, alituachia wanyama waliojaa rangi bapa ambao hawakosi uhai. Lakini aliyeacha kivuli kwa kutaka na aliyekiacha kwa kutojua hawafanani, na tofauti hiyo huonekana.

Vifaa: anza na ulichonacho

Simu ya Android na kidole vinatosha kwa mwezi wa kwanza. Kidole kina kasoro mbili: kinaziba unachochora, na skrini haijui umekandamiza kwa nguvu kiasi gani. Kalamu za bei nafuu zenye ncha ya mpira hutibu ile ya kwanza tu. Mstari unaonenepa na kukonda kwa mkandamizo unahitaji simu iliyotengenezwa na kalamu yake, au kibao cha kuchorea kinachounganishwa kwa waya. Wacom, Huion na XP-Pen wanatengeneza vibao vidogo, na vingi vya siku hizi hufanya kazi na simu za Android. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama hicho unachokitaka kinakubali simu yako, na ukijaribu papo hapo dukani.

Programu: ibisPaint ina toleo la bure lenye matangazo, na ukishaipakua unaweza kuchora bila intaneti. Mwenye kompyuta atumie Krita, ambayo ni ya bure. Toleo lake la Android limeundwa kwa ajili ya tableti, si simu, kwa hiyo usijilaumu likikusumbua kwenye skrini ndogo.

Usihamehame programu. Kila mwanafunzi niliyemwona akikwama alikuwa na programu nne na mchoro nusu.

*Tayarisha simu hivi:*

1. Zima mwangaza wa skrini unaojibadilisha wenyewe. Uweke katikati na uuache hapo, la sivyo kijivu cha asubuhi hakitakuwa kijivu cha jioni.
2. Zima hali ya usiku inayoipaka skrini umanjano.
3. Fungua turubai ya pikseli 2000 kwa 2000. Kubwa zaidi ya hapo, simu yenye kumbukumbu ndogo itakupunguzia idadi ya matabaka, yaani karatasi angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine.
4. Jaza tabaka la chini kabisa kwa kijivu cha wastani. Ukichorea juu ya weupe mtupu, kila kitu kitaonekana cheusi na utaogopa kutia giza.
5. Mkono ukitoa jasho, kata soksi kuukuu iwe glavu ya vidole viwili, kidogo na cha pete. Kiganja kitateleza juu ya kioo badala ya kunata.

Mkono kwanza, dakika kumi kila siku

Weka nukta mbili, ziunganishe kwa mstari mmoja bila kusita. Mara hamsini. Kisha duara kwa kuzungusha mkono wote kutoka begani, si kifundo. Kisha umbo la yai, limelala, limesimama, limeinama. Usitumie kile kifaa cha programu kinachonyoosha mistari. Kitakunyooshea leo na kukulemaza kesho.

Mstari ukikosea, tengua mara moja tu kisha endelea. Kitufe cha kutengua ni kitamu kuliko halua, na wapo waliochora mstari uleule jioni nzima.

Yai moja, mwanga mmoja

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Chukua yai jeupe. Liweke juu ya karatasi nyeupe karibu na mlango au dirisha, na uzime taa ya chumbani. Mwanga utoke upande mmoja tu. Taa mbili hutoa vivuli viwili vinavyogombana, na anayeanza hawezi kuvisuluhisha.

Kabla ya kuchora, finya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Vitu vidogo vitapotea, yabaki mawe mawili: jiwe la mwanga na jiwe la giza. Tafuta mpaka wao. Huo mpaka ndio mchoro.

Katika kichaguzi cha rangi, pima kijivu kutoka 0, ambayo ni nyeusi tititi, hadi 100, ambayo ni nyeupe. Kisha fuata hatua hizi:

1. Umbo. Kwenye tabaka jipya chora yai kwa mstari mwembamba. Jaza ndani kijivu cha 75, kiwe bapa kabisa.
2. Kivuli cha mwili. Ongeza tabaka juu yake na ulibane kwenye yai, ili brashi isitoke nje ya umbo. Chagua brashi ngumu, yenye ukingo mkali. Kwa kijivu cha 40, chora eneo lote la giza kama kipande kimoja. Litakuwa kama mwezi mchanga ulionenepa.
3. Kivuli kilichotupwa. Chini ya tabaka la yai, chora kivuli kilichoangukia karatasi, kijivu cha 30. Kianzie pale yai linapogusa karatasi na kikimbie mbali na mwanga.
4. Mgusano. Pale hasa yai linapokalia karatasi pana ufa mwembamba ambao mwanga haufiki. Utie 10. Ni mstari mdogo, lakini usipokuwepo yai litaelea hewani.
5. Mwanga wa kurudi. Angalia ukingo wa chini wa yai, ndani ya giza. Si giza sawasawa, kwani karatasi inaurudishia mwanga kidogo. Tia 50. Isizidi hapo! Upande wa kivuli, hata ukirudishiwa mwanga namna gani, haupaswi kushindana na upande ulioangaziwa.
6. Kingo. Sasa tu ndipo uchukue brashi laini. Lainisha mpaka wa kivuli cha mwili, kwa sababu yai hupinda polepole. Kivuli kilichotupwa kiache kikali karibu na yai, kilegee kadiri kinavyokwenda mbali.
7. Mng'ao. Sehemu iliyotazamana na mwanga ipe 90. Ganda la yai haling'ai kama sufuria, kwa hiyo usiweke nukta nyeupe kali.

Rudia yai hilohilo siku tatu, ukihamisha mwanga: ubavuni, juu, nyuma. Siku inayofuata weka ndimu badala yake, kisha kiberiti, kisha kopo la maziwa. Kiberiti kitakufundisha kwamba kitu chenye pembe hakina mpaka laini. Uso mmoja una mwanga, wa jirani hauna, na kati yao pana ukingo mkali. Kopo lina vyote viwili, ubavu laini na mdomo mkali. Ukiyamaliza hayo matatu una nusu ya mji, kwa sababu mlingoti ni kopo refu, na nyumba ni kiberiti kilichotobolewa madirisha.

Toka nje

Mji wa Lamu umelala upande wa mashariki wa kisiwa, umetazamana na kisiwa cha Manda ng'ambo ya mkondo. Jua la asubuhi hupiga nyuso za majengo ya ufukweni. Alasiri jua liko nyuma ya mji, na nyuso zilezile huwa kivulini. Kwa hiyo ukitaka kuchora mbele ya forodha kwa mwanga na kivuli kilichokatika vizuri, nenda saa mbili au saa tatu asubuhi. Ukienda saa kumi utapata kivuli kitupu, na maji yanayometa yatakuumiza macho.

Ndani ya vichochoro mambo ni mengine. Usita wa Mui, ile njia kuu ipitayo katikati ya mji, umeelekea kaskazini na kusini kwa ujumla wake, na kuta zake zimekaribiana. Jua hushuka chini kabisa kwa muda mfupi tu, karibu na adhuhuri. Saa nyingine zote unachokiona pale chini ni mwanga wa kurudi: jua linagonga ukuta wa juu upande huu, ukuta unaurusha ng'ambo, ng'ambo inautupa chini. Ndiyo maana kivuli cha kichochoro si cheusi. Kimejaa mwanga wa mkopo, tena wenye joto, umepita kwenye chokaa na jiwe la tumbawe. Kivuli cha uwanjani, kilicho wazi kwa mbingu, huwa na ubuluu. Utakapofika kwenye rangi, kumbuka hilo na uiache nyeusi kwenye kopo lake.

Panapo wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, simama mita chache nyuma yake. Una picha iliyojipanga yenyewe: mwanga, giza, mwanga. Anayeanza hapati mahali rahisi kuliko hapo. Langoni haina nyumba kongwe za mawe kwa wingi kama mtaa wa Mkomani, lakini kwa mwanafunzi wa kivuli hiyo ni bahati, kwa kuwa mabati, makuti, saruji na mawe hukutana kwenye ukuta mmoja, na kila kimoja hupokea jua kivyake.

*Hatua za kuchora kichochoro:*

1. Kaa. Aliyekaa barazani na aliyesimama hawaoni picha moja. Chora mstari mlalo katika kimo cha macho yako.
2. Kwenye mstari huo weka nukta pale njia inapoelekea kuishia. Kingo za paa, vizingiti na baraza zote zitaikimbilia nukta hiyo: zilizo juu ya macho zikishuka, zilizo chini zikipanda. Kuta za Lamu hazikunyooka kwa rula, kwa hiyo ruhusu kupinda.
3. Gawa turubai kwa vijivu vitatu tu: mbingu na kuta za juani, kuta za kivulini, ndani ya milango. Hapana kijivu cha nne bado.
4. Itazame ikiwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ukiitambua njia, endelea. Usipoitambua, tatizo liko kwenye hatua ya tatu, na hakuna dirisha wala punda utakayemwongeza atakayeliponya.
5. Sasa ongeza kijivu cha nne na cha tano, kisha vitu vidogo.

> KISANDUKU: JUA LA LAMU LINAVYOTEMBEA
>
> Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya jua huangukia kati ya saa sita na saa sita na nusu.
>
> • Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini. Kivuli hujificha chini ya nyayo.
> • Juni, wakati wa kusi, jua la mchana liko upande wa kaskazini. Kivuli huanguka kusini, urefu wake karibu nusu ya kimo chako.
> • Desemba, wakati wa kaskazi, jua liko kusini. Kivuli huelekea kibla, kifupi kidogo kuliko cha Juni.
>
> Kwa kukumbuka: katika misimu hiyo miwili, kivuli cha adhuhuri huelekea upande upepo unakotoka.
>
> Ukingo wa kivuli cha jua hutanuka karibu sentimita 1 kwa kila mita 1 kutoka kwa kitu kinachokitupa. Kivuli cha kigingi kilichochomekwa ukutani ni kikali. Kivuli cha ukingo wa paa lililo mita 6 juu kina mpaka uliofifia wa sentimita 6 hivi. Hivyo usilainishe vivuli vyote sawasawa.

Jicho hukudanganya, na kamera pia

Ubongo unajua kwamba ukuta ni mweupe, basi hukwambia mweupe hata ukiwa gizani. Jaribu hivi. Mchana wa jua kali tafuta ukuta wa chokaa ulio kivulini na kitambaa cheusi kilichoanikwa juani. Piga picha vyote viwili pamoja, uifungue katika programu ya kuchora, kisha tumia kidonoa rangi kusoma kijivu cha kila kimoja. Vitakaribiana kiasi cha kukushangaza. Mimi nilirudia mara tatu nikidhani kidonoa kimeharibika.

Kabla ya kupiga picha hiyo, zima mpangilio wa kamera unaosawazisha mwanga na giza. Simu nyingi huuwasha zenyewe. Mpangilio huo hufungua vivuli mpaka vinakuwa kama adhuhuri ya mawingu, na ukivinakili, mchoro wako hautakuwa na saa.

Mlango: mtihani wa kwanza wa kweli

Mlango wa nakshi una kina cha sentimita chache tu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Huna giza kubwa la kukusaidia. Chagua mlango unaopigwa na jua la ubavuni, uanze na sehemu moja, mfaa wa katikati au pembe ya kizingiti, si mlango mzima.

Jaza sehemu hiyo kijivu cha 55. Kisha ujiulize jua liko upande gani, na ujibu mara moja tu. Kama liko kushoto na juu, basi kila ukingo ulioinuka unapata mwanga kushoto na juu, na kivuli kulia na chini. Kila shimo ni kinyume chake. Ukikosea moja, jani litageuka shimo. Fundi mwenye patasi ameshalitatua hili kabla yako: sehemu alizozichimba zaidi zitakuwa na giza zaidi. Fuata kina chake.

Ukitaka kuona jinsi mstari mtupu unavyoweza kubeba mji huu, tafuta maktabani *Lamu: A Study of the Swahili Town* cha Usam Ghaidan (1975). Kina michoro ya nyumba iliyopimwa. Na kwa kivuli cha kalamu, tazama katuni za Gado, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1969 na kuanza kuchorea gazeti la Nation, Nairobi, mwaka 1992. Huko mstari ndio unaobeba kazi.

Makosa ya kila siku

*Kivuli cha mto.* Giza limezunguka kingo zote, katikati kweupe, kila kitu kimefura kama mto wa kulalia. Hutokea usipoamua jua liko wapi. Dawa: chora mshale mdogo kwenye pembe ya turubai, uelekeze mwanga unakokwenda, usiufute mpaka umalize.

*Kidole cha kusugua.* Kile kifaa cha kuparaza rangi hufanya kila kitu kiwe kama kimefunikwa ukungu. Jiwekee marufuku ya mwezi mmoja.

*Tabaka moja kwa kila kitu.* Utakapotaka kuhamisha kivuli utabomoa nyumba. Tenga angalau manne: umbo, kivuli, mwanga, mistari.

*Kukuza sana.* Unachora nyusi huku uso umepinda. Rudisha picha nzima kila baada ya dakika mbili, na uigeuze kushoto kulia. Kupinda kutajitangaza.

*Kunakili picha za mtandaoni tu.* Kule jua ni la watu wengine.

Adabu ya kuchora mjini

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha au kumchora mtu, na akikataa, iishe hapo. Wanawake na watoto zaidi. Wakati wa sala funga simu. Mwezi wa Maulidi, wageni wanapofurika Langoni kuelekea Msikiti wa Riyadha, utapata mengi ya kutazama. Tazama, kariri, ukachore nyumbani. Wapo wazee wasiopenda picha za viumbe, na usibishane nao barazani. Milango, mashua, mitungi na kuta vitakutosha mwaka mzima, na sanaa kongwe za hapa zenyewe, nakshi za mbao na plasta ya zidaka, zimeishi kwa maua na maumbo bila uso wa mtu.

Na linda simu: chumvi ya bahari na mchanga huingia kwenye tundu la chaja. Ibebe ndani ya mfuko wa plastiki, usikifute kioo kwa kanga yenye mchanga.

Wiki mbili za kwanza

☐ Siku 1: mchoro mmoja wa kichochoro, mbaya utakavyokuwa. Andika saa na mahali ulipokaa. Usiufute.
☐ Siku 2–4: yai, mwanga kutoka pande tatu.
☐ Siku 5–7: ndimu, kiberiti, kopo.
☐ Siku 8: pumzika, tembea, finya macho.
☐ Siku 9–10: kichochoro kwa vijivu vitatu. Michoro sita midogo, kila mmoja dakika kumi.
☐ Siku 11–13: sehemu moja ya mlango.
☐ Kila jioni: hamisha faili nje ya simu. Simu huanguka majini, hasa mtu anapopanda mashua.

Siku ya 14 rudi mahali ulipokaa siku ya kwanza, saa ileile. Chora tena bila kuutazama mchoro wa zamani. Ukimaliza, mpelekee mtu ambaye hakukuona ukichora, ikiwezekana mzee, usimweleze lolote. Muulize tu, "Hapa ni saa ngapi?" Akisema picha nzuri, mshukuru na urudi kwenye yai. Akisema, "Saa tatu, au tatu na nusu, jua halijapanda sana," hifadhi faili, ufungue kichaguzi cha rangi.